Saa za Chumba cha Chini

"Safu hiyo usiiguse."

"Nimeshaigusa."

"Irudishe, basi."

"Irudi wapi, fundi? Miji mitano imeshakubali. Mmebaki nyie tu na majina yenu ya jikoni."

"Ya jikoni? Hayo ya jikoni ndiyo yaliyoinasa sumu ya mwaka juzi. Wewe siku hizo ulikuwa wapi? Umepanga foleni ya wali chuoni!"

"Na iliwachukua siku ngapi kujua kwamba sumu ya hapa na ya Tabora ni moja? Siku tisa! Nyie mnaandika 'mbisha hodi', Tabora wanaandika 'mteja', Kahama wanaandika herufi na namba. Kitu kimoja, kila mji na jina lake. Mashine itasomaje?"

"Mtu atasoma."

"Mtu analala, fundi. Mtu anaumwa. Mtu anakufa, kama mzee wenu Shango alivyokufa na nusu ya maana ya safu hizi kichwani mwake."

Ntandu akainuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Mtu asiyewahi hata kumwona Mzee Shango amtaje hivyo hivyo tu, kama anataja betri iliyokufa! Upande wa pili wa meza Anselimu Temu hakutikisika. Injinia huyo alikuwa na miezi minane tu hapo Singida, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina mkunjo mkali kama kisu, kitambulisho cha bluu shingoni. Ntandu alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kituo kile, tangu alipoacha shule kidato cha pili, na kitambulisho chake mpaka leo ni cha kijivu.

Mama Mkumbo, mkuu wa kituo, akagonga meza kwa kikombe.

"Mmemaliza? Au nilete ngoma mcheze kabisa?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Safu ni sita," akasema. "Aliyeuliza. Kifaa. Jina lililoulizwa. Jibu. Aliyejibu. Wakati. Miji yote sita itaandika hivyo kuanzia Jumatatu, na Kioo, ile mashine mpya ya miji yote, kitasoma. Ntandu, okota kiti."

Ntandu akaokota kiti. Lakini sikio lake lilikuwa limenasa palepale. Nani, kwa kifaa gani, kauliza nini, kajibiwa nini, na nani, lini. Huo ulikuwa mpangilio wa Mzee Shango! Ndivyo alivyomfundisha kusoma, kidole kwenye karatasi. Na ni yeye mwenyewe Ntandu, mjinga wa kwanza, aliyemsimulia Anselimu mwezi ule wa mwanzo, wakinywa chai na mihogo ya kuchoma, wakati walipokuwa bado wanacheka pamoja. Alimwona akiandika kwenye kijidaftari. Akafikiri ni adabu ya wasomi.

Sasa ule mpangilio miji sita ilikuwa inauita Mpangilio wa Temu.

*

Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi. Singida ya siku hizo hakuna kitu kilichofanya kazi bila kuuliza. Bomba la maji liliuliza, mlango uliuliza, trekta shambani kwenye alizeti liliuliza, basi liliuliza kabla ya kukufungulia. Kila kitu kina jina, na nyuma ya kila jina kuna namba, na kifaa hakizikariri namba zote. Basi kinauliza: huyu aliyenigusa anatambulika wapi? Kinajibiwa, ndipo kinafanya kazi. Ni kufumba na kufumbua, mwenyewe hata huoni.

Na kila swali linaandikwa. Hapo ndipo penye kazi ya akina Ntandu. Mwizi akipenyeza sumu, yaani programu yake ya wizi, kwenye mitambo ya upepo kule mlimani, sumu hiyo nayo lazima iulize bwana wake yuko wapi. Haina njia nyingine. Kwa hiyo humkamati mwizi kwa kumwona. Unamkamata kwa swali alilouliza.

Ntandu alishuka ngazi mpaka chumba cha chini. Akakinga kikombe chake kwenye bomba, taa ndogo ikawaka kijani, maji yakatoka. Akasuuza kikombe kwa hasira.

Chumba hicho kilikuwa na rekoda tatu za zamani, nzito, alizozifunga Mzee Shango kwa mikono yake. Hazifutiki. Kilichoandikwa kimeandikwa. Mama Mkumbo hakuwahi kushuka kule kwa sababu ya magoti, na Anselimu hakushuka kwa sababu anazijua mashine kwa kuzisoma, si kwa kuzishika. Ntandu peke yake ndiye aliyejua mlio wa kila moja.

Na alijua jambo moja ambalo halikuandikwa popote. Mzee Shango aliziwekea rekoda zile saa ya watu wa hapa. Hesabu inaanza alfajiri. Saa za dunia, za wale wa miji mingine, zinaanza kuhesabu usiku wa manane. "Siku ianze watu wamelala? Inaamshwa na nani?" ndivyo mzee alivyosema akicheka, na ikabaki hivyo. Rekoda ikiandika nane na dakika kumi, basi ni saa nane na dakika kumi, mchana, jua la kuchoma kichwa. Huhitaji kujumlisha wala kutoa.

Wiki tatu kabla, Anselimu alimpa karatasi ya kujaza. Maelezo ya kila safu, visanduku kibao. Ntandu alijaza vyote kwa mwandiko wake wa kukwaruza isipokuwa kimoja: "Safu ya wakati. Hesabu inaanzia wapi?"

Hicho alikiacha wazi.

Hakusahau. Aliweka kalamu juu ya kisanduku, akaitoa. Aje aulize, alijiambia. Ashuke ngazi hizi na hilo shati lake, asimame hapa, aseme fundi, hii saa yenu ikoje? Alitaka kusikia hilo swali moja tu. Akasubiri siku ya kwanza, ya pili, wiki. Mwisho akaiona karatasi imebandikwa ukutani juu, na kisanduku kimejazwa kwa mwandiko mzuri wa Anselimu: "Usiku wa manane." Kama miji mingine mitano. Hakuuliza.

Ntandu angeweza kupanda ngazi akasema. Alipanda, kweli. Akamkuta Anselimu amezungukwa, Mama Mkumbo kamshika bega kama mtoto wake wa kumzaa, wanacheka. Akashuka tena.

Lipo na la pili, na hili ndilo baya. Chuo alichosoma Anselimu kilikuwa na kurasa zake nje ya ukuta wa mtandao, na mwezi wa tatu nje yote ilipigwa marufuku kwa ajili ya sumu. Vifaa vya juu vilizibwa. Rekoda ya tatu, kwa uzee wake, ilikuwa bado ina njia. Na ndani ya kurasa hizo kulikuwa na picha ya Anselimu akipeana mkono na watu wenye majoho, na andiko lake juu ya safu sita, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Shukrani kwa fundi mmoja wa Singida kwa mazungumzo mazuri."

Fundi mmoja!

Ntandu alilisoma siku ya kwanza akahisi kama kamwagiwa maji ya moto. Siku ya pili akafungua tena kuona kama labda wamerekebisha, wameweka jina. Siku ya tatu tena. Kila siku baada ya chakula, akiwa peke yake, mkono unakwenda wenyewe. Siku kumi na nne. Alijua ni marufuku. Mwenye wivu ni kama mwenye jino bovu, anajua linauma na ulimi haubanduki.

*

Jumatatu, saa nne asubuhi, Kioo kiliwashwa.

Walikuwa wote chumba cha juu. Kwenye ukuta zilionekana sura za wakuu wa miji mingine mitano, kila mmoja na tai yake. Mama Mkumbo alivaa kitenge kipya. Anselimu akabonyeza, na kumbukumbu za mwaka mzima za miji sita zikaanza kumiminika mahali pamoja, majina yaleyale, mpangilio uleule.

Kwa dakika chache ilikuwa raha tupu, hata Ntandu hakuweza kukataa. Kazi ya siku tisa Kioo kiliifanya kwa muda wa kupiga chafya. Kikanasa kijisumu Kahama kilichojificha miezi minne. Wakuu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Temu, kijana, umetuokoa." Ntandu akapiga makofi pia, polepole, kama anayekung'uta gunia la unga.

Kisha Kioo kikaandika jina jingine.

ANSELIMU TEMU. SINGIDA. Kifaa: rekoda ya tatu, chumba cha chini. Jina lililoulizwa: kurasa.chuo.nje. Jibu: limepatikana. Mara kumi na nne. Wakati: 08:12. 08:09. 08:15. Ikashuka hivyo mpaka chini.

Rekoda zile za zamani hazimtambui anayezigusa, zinaandika kifaa tu; jina la mtu hujazwa baadaye. Kwa hiyo Kioo, kama kilivyofundishwa, kilichukua wakati, kikalinganisha na orodha ya zamu, kikajaza. Anselimu zamu yake ilikuwa asubuhi, tangu alfajiri mpaka saa sita. Ntandu, mchana mpaka jioni. Kwa saa za usiku wa manane, ile nane ni asubuhi. Ni zamu ya Anselimu bila ubishi.

Chini kabisa ikaandikwa: "Kufungiwa saa sita mchana. Utetezi upokewe kabla."

"Hii..." Anselimu akacheka kidogo. "Hii siyo. Mimi sijawahi hata kushuka kule chini."

"Ni chuo chako," akasema mkuu wa Tabora.

"Najua ni chuo changu!"

"Ni zamu yako."

"Mama, waambie."

Mama Mkumbo alikuwa ameketi, kitenge kimemkunjamana magotini. "Nawaambia nini, mwanangu? Jana wewe mwenyewe ulisema Kioo hakisahau wala hakipendelei. Na mpangilio ni wako."

Na Ntandu? Tuseme ukweli. Kitu kitamu kilimshuka kooni kama asali ya nyuki wadogo. Aliona lile shati la pasi linavyolowa mgongoni, na akatamani saa isimame ili aone vizuri. Tego limemnasa mtegaji! Akakumbuka kisanduku, akakumbuka "fundi mmoja", akasema moyoni: sikuandika uongo hata neno moja. Nani atanigusa?

Akatoka kwenda kujimwagia maji usoni, maana alihisi anatabasamu.

*

Kwenye korido, kwenye dirisha linalotazama mawe makubwa ya Singida, alimkumbuka Mwalimu Hema bila kutaka.

Huyo walimfungia miaka mitano nyuma. Alikuwa anauza maswali ya watu kwa wezi, na Ntandu ndiye aliyemnasa. Kosa alikuwa nalo, wala Ntandu hajutii. Lakini alimwona. Siku tatu amekaa nje ya mlango wake mwenyewe kwa sababu mlango hautaki kumjua. Majirani walimletea maji kwa ndoo, kwa kujificha. Mwisho aliondoka kwa miguu njia ya Manyoni, kwa sababu hakuna basi lililomfungulia, na viatu vyake alivibeba mkononi. Kufungiwa ni miaka saba. Baada ya kufungiwa hakuna utetezi, maana hata simu yako haikuulizii jina.

Hema alikuwa na kosa, Ntandu akarudia. Alikuwa nalo.

Nyuma yake akasikia hatua. Anselimu. Alikuwa na kikombe mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la ukutani, akakinga. Taa ikawaka nyekundu. Ikazima. Ikawaka nyekundu tena. Kioo kilikuwa kimeshaanza kumchelewesha.

"Limeharibika," akasema Anselimu, na akajaribu kucheka. Akalipiga bomba kofi dogo. "Bomba zenu hizi."



"Fundi," akasema bila kumtazama. "Nisaidie. Wewe unazijua zile rekoda. Kuna kitu kwenye wakati, nahisi tu, sikioni. Nina saa moja."

Ndilo lile swali. Limekuja wiki tatu limechelewa, lakini limekuja. Ntandu aliling'ang'ania sekunde kadhaa kama mtu anayeshika hela iliyookotwa.

"Jina langu nani?" akauliza.

"Nini?"

"Jina langu. Mimi."

"Fundi Ntandu. Una nini wewe?"

"Ntandu nani?"

  Miezi minane. Meza moja, chai moja, mihogo sahani moja. Ukamwona anatafuta kweli, macho yanakwenda kwenye kitambulisho cha kijivu, lakini kimegeuka mgongo.

"Sijui," akasema. "Samahani. Kila mtu anakuita fundi. Hata kule nilipoandika shukrani... sikujua niandike nini, nikaona aibu kuuliza. Nimekuzoea, utamuulizaje mtu jina ukiwa umeshamzoea?"

Ilikuwa sababu ya kijinga kabisa. Ntandu alikuwa amekaa siku kumi na nne akitafuta dharau ndani ya yale maneno mawili, na kumbe ni aibu tu ya mtoto wa watu. Wivu wake haukuondoka, usidhani. Ulibaki palepale, ila haukuwa na pa kuegemea.

Taa nyekundu ikawaka tena. Ntandu akanyoosha mkono, akagusa bomba. Kijani. Maji yakajaa kikombe cha Anselimu mpaka yakamwagika viatuni.

"Kunywa. Halafu twende."

*

"Ongeza saa sita," Ntandu akasema, mbele ya ukuta wenye sura tano.

"Kwa nini?" Mama Mkumbo akauliza.

"Rekoda za chini zinahesabu kuanzia alfajiri. Tangu Mzee Shango. Ile nane ni saa nane ya mchana. Jumlisheni sita mtapata saa zenu."

Anselimu alikuwa tayari ameinamia kibao cha kuandikia, vidole vinakimbia, mdomo unahesabu. Ghafla vidole vikasimama. Alikuwa amefika kwenye zamu.

"Mchana," akasema polepole. "Mchana ni zamu yako."

"Ndiyo."

"Ni wewe uliyesoma ukurasa wangu?"

"Ndiyo."

"Mara kumi na nne?"

"Hesabu iko hapo, unanihesabisha ya nini?"

"Ulikuwa unatafuta nini mara kumi na nne?"

Kuna maswali hata mlango ungekataa kuyapeleka. Mama Mkumbo alimtazama, akamtazama Anselimu, na ukamwona mama wa watu anaelewa, anaweka mkono kinywani.

"Na kile kisanduku," Anselimu akasema, sauti imeshuka. "Uliacha wazi makusudi. Ulijua itafika hapa?"

"Sikujua itafika wapi. Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Nife kwa sababu sikukuuliza?"

"Hujafa. Andika."

Mkuu wa Tabora akakohoa kwenye ukuta. "Wapendwa, zimebaki dakika ishirini. Kama ni sahihisho, lijazwe. Safu ya aliyeuliza haiwezi kubaki na jina lisilo lake."

"Mama," Ntandu akasema, na hilo alilisema chini sana, "hakuna namna nyingine?"

"Ukivunja marufuku zaidi ya mara tatu ni kufungiwa, hakuna namna, Ntandu. Sheria unaijua kuliko mimi. Hema ulimsomea wewe."

Anselimu akavuta kibao. Akaongeza saa sita. Safu ya wakati ikajipanga upya kutoka juu mpaka chini, na jina lake likafutika kwenye ukuta kama vumbi. Pale pakabaki nafasi inayopepesa.

Akageuza uso. "Jina lako kamili."

Ndivyo alivyouliza, hatimaye, vidole juu ya herufi.

"Ntandu Nkuwi."

Akaandika. Herufi kubwa, ukuta mzima, miji sita ikisoma: ALIYEULIZA, NTANDU NKUWI. Mara kumi na nne, mstari kwa mstari. Ntandu akalitazama jina lake ndani ya Mpangilio wa Temu, limekaa sawasawa, halikukosewa hata kidogo, na hakuna aliyepiga makofi.

Akasubiri Anselimu aseme kitu. Asante, au mshenzi wewe, chochote. Anselimu aliinuka, akachukua mkoba wake, akasimama mbele yake karibu sana. Kisha Anselimu akageuka, akaenda mlangoni. Mlango ukamuuliza, ukajibiwa, ukamfungukia, naye akatoka bila kutazama nyuma.